TANU ya 1954 ingenyimwa usajili leo: kuufumua ubishi wa ubaguzi ndani ya vyama

Chama kilichoiletea Tanganyika uhuru, kama kingefika leo kwa Msajili wa Vyama vya Siasa na katiba yake ya mwaka 1954, kingerudi mikono mitupu. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inataka uanachama uwe wazi kwa raia wote bila kujali rangi, kabila, dini wala jinsia. Katiba ya nchi nayo, ibara ya 20, inazuia kusajiliwa kwa chama kinachokusudia kupigania maslahi ya kundi la rangi. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kadi yake ilikuwa ya Waafrika peke yao. Mhindi aliyezaliwa Bagamoyo, na baba yake kazaliwa Bagamoyo hapo hapo, hakuruhusiwa kuikata.

Jambo hili hurushwa kama jiwe kila mjadala wa "wazawa" unapopamba moto. Upande mmoja husema: mnaona, hata TANU ilibagua, basi nasi tuna haki ya kusema Waafrika kwanza. Upande wa pili hujibu: anayetaja rangi kwenye siasa ni mbaguzi, mazungumzo yameisha. Wote wanateleza mahali pamoja. Wanaichukulia tuhuma ya ubaguzi kama shtaka moja lenye jibu la ndiyo au hapana, wakati ndani yake mna mashtaka kadhaa yaliyofungwa kamba moja. Chama kinaweza kuwa na hatia kwenye moja na kuwa safi kwenye jingine, mwaka huo huo.

Kubagua ni nini hasa

Ibara ya 13(5) ya Katiba ya Tanzania haisemi kwamba kubagua ni kuwatendea watu tofauti, basi. Inataka mambo mawili yakutane. La kwanza, utofauti utokane na vitu kama utaifa, kabila, mahali mtu anapotoka, maoni ya siasa, rangi, dini, jinsia au hali ya maisha. La pili, utofauti huo uwafanye watu wa aina fulani wahesabiwe dhaifu au duni na kuwekewa vikwazo, huku wengine wakipewa fursa iliyo nje ya sifa zinazotakiwa. Kisha ibara hiyo inaacha nafasi: hatua za makusudi za Serikali zenye lengo la kurekebisha matatizo katika jamii hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Katiba ya Kenya ya 2010 ina mpango unaofanana na huo. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi na papo hapo inaruhusu hatua za kuwainua walioachwa nyuma, na ibara ya 91 inakataza chama kujengwa juu ya dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo.

Maana yake ni kwamba kutaja rangi peke yake hakutoshi kuwa ubaguzi, na kuificha rangi hakutoshi kuwa usafi. Lazima uangalie nani amewekewa kikwazo, na kwa sababu gani.

Ndani ya chama, tuhuma huangukia sehemu nne: nani anaruhusiwa kuingia, nani anapewa uongozi, uamuzi wa chama unamuumiza nani, na viongozi wanasema nini majukwaani. Shabiki wa mpira hahitaji kufundishwa tofauti ya mbili za mwanzo. Mchezaji anaweza kusajiliwa kwa mbwembwe, picha zikapigwa, jezi zikauzwa, na msimu mzima akakaa benchi. Chama nacho kinaweza kumsajili kila mtu na kumpanga wa aina moja tu. TANU kwa miaka kadhaa ilifanya kioja kinyume cha hicho: iliwapanga watu ambao haikuwasajili.

Kadi hapana, kura ndiyo

Kwa sensa ya 1957, Tanganyika ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni nane na nusu, Waasia wapatao 76,000 na Wazungu wapatao 20,000. Gavana Edward Twining alitaka baraza la kutunga sheria lenye viti sawa kwa kila rangi: Waafrika kumi, Waasia kumi, Wazungu kumi. Piga hesabu mwenyewe. Mjumbe mmoja wa Kizungu alisimama kwa watu 2,000 hivi, na mjumbe mmoja wa Kiafrika kwa watu zaidi ya 850,000. Mpango huu uliuzwa kwa jina zuri la siasa ya rangi zote, na mwaka 1956 chama cha UTP (United Tanganyika Party) kikaanzishwa kwa baraka za gavana ili kuutetea. Chama hicho kilimpokea mtu wa rangi yoyote.

Hapo ndipo wengi hupotea. Ukipima kwa uanachama tu, UTP ilikuwa safi na TANU ilikuwa na doa. Ukipima kwa kile ambacho kila chama kilikuwa kinakidai, mambo yanageuka: UTP ilitetea mpango uliompa Mzungu uzito wa Waafrika zaidi ya 400, na TANU ilidai mtu mmoja awe na kura moja. Mwenye kadi wazi alitetea ngazi za rangi, na mwenye kadi iliyofungwa alitaka kuzivunja.

Kwa nini basi TANU iliifunga kadi? Ilirithi TAA (Tanganyika African Association), chama cha Waafrika tangu 1929. Halafu kulikuwa na hofu ya kawaida kabisa kwamba wenye elimu, magari na fedha wangeingia na baada ya miezi michache wakashika vyeo vyote, na mwanachama wa Kilosa au Sumbawanga akabaki msikilizaji kwenye chama chake. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini kigezo chenyewe kilikuwa rangi, wala hakikuwa kuzaliwa nchini. Abdulwahid na Ally Sykes walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU, na babu yao, Sykes Mbuwane, aliletwa kutoka Inhambane, Msumbiji, kama askari wa Wajerumani. Hakuna aliyewauliza uzawa, na haikupaswa. Ila anayesema leo kwamba TANU ilikuwa "chama cha wazawa" anaisahihisha historia ili imfae.

Kisha ikaja kura tatu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alipaswa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kuandikishwa kulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kushika wadhifa uliotambuliwa. Kwa chama kinachodai mtu mmoja kura moja, hili lilikuwa tusi. Mkutano mkuu wa Tabora, Januari 1958, ulikuwa na kila sababu ya kususa, na wajumbe wengi waliingia ukumbini na nia hiyo. Nyerere aliwageuza kwa hoja ya kiufundi: tukisusa, viti vyote 30 vinakwenda kwa UTP na wenzao, na tutaupinga mpango huu tukiwa nje ya baraza. Tukiingia, sharti lile lile la kura tatu linatupa silaha, kwa kuwa Mzungu na Mwasia hawatapita bila kura za Waafrika, na kura hizo tunazo sisi.

Wenye kuikumbuka siasa ile hadi leo wanauita Uamuzi wa Busara. TANU ikawaunga mkono wagombea kama Derek Bryceson, Amir Jamal, Lady Chesham na Sophia Mustafa, wasioweza kuwa wanachama wake kwa mujibu wa katiba yake, na UTP ikafagiliwa. Baada ya uchaguzi wa 1960 Bryceson na Jamal, waliokuwa mawaziri tangu 1959, wakawa mawaziri katika serikali ya Nyerere. Mawaziri wa serikali ya TANU wasio na kadi ya TANU! Hali hiyo iliendelea hadi uhuru ulipokwisha kutimiza mwaka mzima, ndipo uanachama ukafunguliwa kwa raia wote.

Uamuzi wa Tabora haukupita bila gharama. Zuberi Mtemvu, aliyekuwa mtendaji wa TANU, aliondoka na kuanzisha African National Congress ya Tanganyika, chama kilichodai Afrika kwa Waafrika tu. Katika uchaguzi wa rais wa Novemba 1962 alipambana na Nyerere akapata kura 21,000 na ushei, Nyerere akapata zaidi ya milioni moja. Wengi husoma tarakimu hizo kama ushahidi kwamba fikra za Mtemvu hazikuwa na watu. Ni kosa. Wengi waliofikiri kama yeye walibaki ndani ya TANU, na miezi kumi na tatu kabla ya uchaguzi huo walikuwa wameshajitokeza hadharani.

Oktoba 1961: wenye kadi moja wanabishana

Wakati muswada wa uraia unajadiliwa, TANU ilikuwa na viti 70 kati ya 71. Kwa hiyo ubishi ule haukuwa kati ya chama na wapinzani. Ulikuwa ndani ya nyumba.

Waliopinga walisema jambo ambalo si la kipuuzi. Mwafrika amedharauliwa kwenye nchi yake kwa zaidi ya miaka 70, biashara iko mikononi mwa Waasia, mashamba makubwa yako mikononi mwa Wazungu, na sasa watu hao hao wanaletewa uraia mezani wakati wengi wao wameshika pasi za Uingereza na wanapima upepo. Baadhi walitaka uraia wa moja kwa moja uwe wa Mwafrika tu, na wengine waombe.

Tarehe 18 Oktoba 1961 Nyerere alisimama akiwa amekasirika kuliko kawaida yake. Aliwaambia wenzake kwamba wanazungumza kama akina Hitler, wanaanza kutukuza rangi. Aliiweka serikali yake rehani: muswada ukianguka, inajiuzulu. Lakini sehemu ya maana katika hotuba ile ni hoja iliyo chini ya hasira. Ukiutenga uraia na uaminifu kwa nchi ukauoza kwa rangi, alisema, hutaishia hapo. Kesho utasema watu wote ni sawa isipokuwa Wamasai, isipokuwa Wagogo, isipokuwa Waha, isipokuwa wenye wake wengi, isipokuwa Waislamu. Watanzania wengi wanaijua hoja hii kwa umbo la mwaka 1995, pale alipoifananisha dhambi ya ubaguzi na kula nyama ya mtu: ukishaonja, huachi. Ni hoja ile ile, kwa wasikilizaji wengine.

Hata hivyo, kumwita mwenzako Hitler hakujibu malalamiko yake. Kulikuwa na hoja mbili kwenye ukumbi ule zimevaa nguo moja. Ya kwanza ilikuwa ya rangi: asiye mweusi hawezi kuwa raia kamili. Hiyo ilistahili kukataliwa kama ilivyokataliwa. Ya pili ilikuwa ya utii: mtu asishike pasi mbili huku akingoja kuona nchi itakwendaje. Hiyo ina jibu la kisheria lisilotaja rangi, na sheria iliyopitishwa ililitoa. Aliyezaliwa Tanganyika akiwa na mzazi mmoja aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia moja kwa moja tarehe 9 Desemba 1961. Aliyezaliwa nchini bila mzazi wa namna hiyo alipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Uraia wa nchi mbili ulikataliwa, na anayeendelea kuipima Uingereza na Tanganyika ajue mwisho wa kupima.

Kuna maneno yanayorudiwa sana siku hizi kwamba aliyekandamizwa hawezi kuwa mbaguzi, kwa sababu hana madaraka ya kumnyima mtu kitu. Yana ukweli nusu. TANU ya 1954 haikuwa na uwezo wa kumnyima Mhindi chochote zaidi ya kadi yenyewe, na Mhindi huyo alikuwa na Asian Association yake. Sentensi ile ile, "hapa ni pa Waafrika", iliyosemwa Mnazi Mmoja mwaka 1955 ilikuwa kilio. Ilipotamkwa Oktoba 1961 na mjumbe mwenye kura ya kutunga sheria, ilikuwa pendekezo la kumvua mtu nchi. Maneno hayakubadilika. Nguvu iliyokuwa nyuma yake ndiyo iliyobadilika, na ndiyo maana tarehe ni sehemu ya ushahidi katika tuhuma ya namna hii.

Sheria isiyotaja rangi

Uhuru ulipopatikana, raia walishika kama robo tu ya nafasi za kati na za juu serikalini. Serikali ikaendesha sera ya kuwapa Waafrika kipaumbele katika ajira na kupanda vyeo, na wakati ule hiyo iliingia kwenye lile fungu la kurekebisha matatizo. Tatizo la hatua za namna hii ni kwamba hazijui zisimamie wapi. Tarehe 7 Januari 1964 Nyerere alitoa waraka wa kuisitisha: tangu siku hiyo tofauti ingebaki kati ya raia na asiye raia, kwa sababu hawezi kuruhusu raia wa daraja la kwanza na la pili. Viongozi wa wafanyakazi walipinga. Siku 13 baadaye askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, wakitaka maofisa Waingereza waondoke na mishahara ipande. Mara nyingi matukio hayo hufungwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Maofisa wale hawakuwa raia, na kutaka nafasi zao zishikwe na raia ni dai tofauti na kutaka raia wa Kihindi asipandishwe cheo.

Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, Nyerere aliandika katika gazeti la The Nationalist kwamba ujamaa na ubaguzi wa rangi havikai chungu kimoja, na kwamba mnyonyaji anaweza kuwa wa rangi yoyote. Aliandika kwa sababu majukwaani baadhi ya viongozi walikuwa wameshaanza kulitafsiri Azimio kama ruhusa ya kuwasakama Wahindi.

Miaka minne baadaye ukaja mtihani mgumu kuliko yote. Sheria ya kutwaa majengo ya Aprili 1971 ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Nyumba aliyoishi mwenyewe mwenye nayo ilisalimika. Fidia ilitegemea umri wa jengo, na lililopita miaka kumi halikulipwa kitu. Tafuta neno Mwasia ndani ya sheria hiyo, hulipati. Lakini pita Mtaa wa Uhuru au barabara za katikati ya mji wa Tanga na Mwanza, usome majina ya familia na miaka iliyochongwa juu ya maghorofa: walioguswa walikuwa Waasia kwa wingi mkubwa, na wengi walifunga virago.

Ilikuwa ya kibaguzi? Kusema "haitaji rangi, kwa hiyo hapana" ni kukwepa. Kusema "iliwaumiza Waasia, kwa hiyo ndiyo" ni kukwepa vilevile, maana kwa kipimo hicho hata kodi ya mapato ya mwaka ule ingekuwa ya kibaguzi. Kinachopimwa ni kama kigezo kina uhusiano na lengo lililotangazwa. Lengo lilikuwa kuzuia watu kuishi kwa kodi za nyumba. Kiwango cha thamani na sharti la kupangisha vina uhusiano na lengo hilo, na Mwafrika mwenye ghorofa la kupangisha lenye thamani hiyo naye aliguswa. Kukataa fidia kwa jengo la zaidi ya miaka kumi kuna uhusiano mdogo zaidi, na kuliangukia kundi lililojenga mapema, yaani hao hao. Mimi naona sheria ile ilipita kwenye kigezo cha kwanza na ikajikwaa kwenye cha pili. Mwingine anaweza kupima akafika kwingine, ila atakuwa anapima kitu kile kile.

Morogoro, na tuhuma zinazotazamana

Afrika Kusini kuna kisa kinachowasaidia wanaodhani upande wa "rangi zote" daima ndio usiobagua. ANC ilianzishwa mwaka 1912 na ilikuwa ya Waafrika. Katika miaka ya 1950 iliungana na mashirika mengine, kila moja la rangi yake: Wahindi, Machotara, Wazungu wachache wenye siasa za kushoto, pamoja na chama cha wafanyakazi. Kwenye kamati ya pamoja mashirika yalikuwa na uwakilishi sawa, ingawa shirika la Wazungu lilikuwa na wanachama wa kuhesabika na ANC ilikuwa na maelfu kwa maelfu.

Wapinzani wa ndani, waliojiita Waafrikanisti, walisema mpango huo ndio ubaguzi wenyewe. Robert Sobukwe, akizindua chama chao cha PAC (Pan Africanist Congress) Aprili 1959, alidai siasa ya rangi nyingi ni ubaguzi uliozidishwa mara kadhaa, kwa sababu inakubali kwamba binadamu wamegawanyika kwa rangi kisha inazigawia rangi hizo viti. Kwake kulikuwa na jamii moja tu, ya binadamu, na Mwafrika ni yeyote mwenye utii kwa Afrika peke yake na aliye tayari kutawaliwa na wengi. Viongozi wa ANC walimjibu kwamba hayo ni maneno matamu juu ya chama ambacho wafuasi wake wanataka kumtupa Mzungu baharini.

Pande zote mbili zilikuwa na la kujibu. Muundo wa ANC na wenzake ulifanana kwa namna fulani na viti sawa vya Twining. PAC nayo ilikuwa na fasili pana kwenye karatasi na mlango mwembamba kwenye ofisi: Patrick Duncan, Mzungu wa kwanza kupokewa, aliingia mwaka 1963.

ANC ilipohamia uhamishoni, ugomvi ukahamia Tanzania. Jeshi lake, Umkhonto we Sizwe, lilipokea watu wa rangi zote tangu 1961. Kwa hiyo Mhindi au Mzungu angeweza kufa vitani kwa amri ya harakati hiyo, lakini asiweze kuinua mkono kwenye mkutano wa ANC. Mkutano wa Morogoro, 25 Aprili hadi 1 Mei 1969, uliwafungulia uanachama waliokuwa uhamishoni bila kujali rangi. Kamati Kuu ikabaki ya Waafrika. Pembeni yake likaundwa Baraza la Mapinduzi lenye watu kama Yusuf Dadoo, Joe Slovo na Reg September.

Ulikuwa usajili bila kupangwa, na haukumridhisha mtu. Waliotaka usawa waliona kazi imeishia nusu. Waliotaka ANC ibaki ya Waafrika waliona imetekwa. Mwaka 1975 wanachama wanane mashuhuri walifukuzwa baada ya kulalamika hadharani kwamba wasio Waafrika, hasa wakomunisti, wameshika usukani. Wenzao waliwaita wabaguzi. Wao walisema wanafukuzwa kwa kusema ukweli kuhusu nani anaamua. Ukiyasoma malalamiko yao unaona ugomvi wa itikadi na vyeo umefungwa ndani ya ugomvi wa rangi, kiasi kwamba kuvitenganisha kunataka subira. Kamati Kuu ilifunguliwa Juni 1985, kwenye mkutano wa Kabwe, Zambia, na Slovo, Mac Maharaj, Aziz Pahad, Reg September na James Stuart wakachaguliwa. Kutoka Morogoro hadi Kabwe ni miaka 16.

Visiwani mambo yalikwenda kinyume. Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, ilijitangaza kuwa chama cha raia wote, mlango wake ukiwa mpana kuliko wa TANU. Hata hivyo, aliyekuwa katibu mkuu wake, Abdulrahman Babu, alijitoa mwaka 1963 na kuanzisha Umma Party, na miongoni mwa yaliyowagombanisha ni jinsi wagombea walivyopangwa.

Tuhuma ikiletwa kikaoni

Kwenye vyama vya leo tuhuma za ubaguzi, iwe wa rangi, kabila au Bara na Visiwani, huharibika njiani kwa sababu zinazojulikana. Mara nyingi mlalamikaji hasemi ni sehemu ipi kati ya zile nne. Anasema "chama hiki kina ubaguzi", na chama kinajibu kwa kumtaja kiongozi mmoja wa kundi linalolalamika. Mtu mmoja kwenye Kamati Kuu hajibu lolote kuhusu hotuba iliyotolewa Jumamosi iliyopita, wala kuhusu kura za maoni kwenye jimbo fulani.

Kama tuhuma ni ya maneno, yanatakiwa maneno yenyewe, yote, pamoja na yaliyotangulia na yaliyofuata, tarehe na mahali. Kipande cha sekunde 20 kilichozungushwa kwenye simu hakitoshi kumfukuza mtu, na kwa sababu hiyo hiyo hakitoshi kumsafisha. Kama ni ya uongozi, zinatakiwa hesabu za hatua zote: wangapi walichukua fomu, wangapi walipita kwa wajumbe, wangapi walikatwa na kikao cha juu. Jina likikatwa kwenye hatua ya mwisho bila sababu ya maandishi, hapo ndipo pa kuchimba. Kama ni ya uamuzi au sera, kigezo kipimwe dhidi ya lengo, kama kwenye majengo ya 1971. Kama ni ya uanachama, kazi ni rahisi: soma katiba, kisha tazama fomu ngapi zimerudishwa tawini na kwa nini.

Kosa lingine la mara kwa mara ni kuangalia nia ya mlalamikaji badala ya lalamiko. Ndiyo, huenda anagombea cheo. Wengi wanaolalamika kwenye vyama wanagombea kitu, na hata wale wanane wa ANC walikuwa na yao. Mtu mwenye uchu wa madaraka anaweza kuwa anasema kweli, na msafi wa moyo anaweza kuwa amekosea. Vitu hivi viwili vichunguzwe kwa mafaili mawili. Wachunguzi nao wasiwe watu wa kikao kile kile kinacholalamikiwa, sharti ambalo kamati za maadili hulivunja bila aibu.

Adhabu na tiba vifuate aina ya tuhuma. Maneno ya mtu mmoja yanashughulikiwa kwa karipio au kusimamishwa kwa mtu huyo. Kukata majina kwa upendeleo hakutibiwi na karipio, kunatibiwa kwa kubadili kanuni za uteuzi na kutangaza hesabu za kila hatua kabla ya uchaguzi unaofuata. Chama kinachotoa tamko la kulaani ubaguzi wa kila aina, kisha kikaacha kanuni zake za uteuzi kama zilivyokuwa, kitaletewa faili lile lile msimu ujao, likiwa na jina jingine juu yake.